Bosi anataka kununua ulinzi wa akili bandia: nimjibu nini?

*"Ninasimamia mifumo ya kompyuta katika shirika lenye wafanyakazi wapatao 120. Tuko wawili tu. Mkurugenzi ameonyeshwa mfumo wa usalama unaotumia akili bandia. Muuzaji kamwambia utagundua hata mashambulizi ambayo hayajawahi kuonekana, kwa usahihi wa asilimia 99, na utayazima wenyewe bila kumsubiri mtu. Sasa anasema tukiununua, mwenzangu atahamishiwa idara nyingine. Wakati huohuo wafanyakazi, na mimi nikiwemo, tumezoea kubandika barua pepe zenye mashaka na logi za seva, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, kwenye programu za gumzo za akili bandia ili zituambie kama kuna hatari. Wadukuzi nao wanatumia akili bandia, na dawa ya moto si ni moto? Tununue, au tuachane nao?"*

Swali lako limefunga mambo manne pamoja: kama akili bandia inaona kweli yale yanayotupita sisi, kama inaweza kuachiwa iamue, kama mdukuzi mwenye akili bandia anazuilika kwa akili bandia tu, na kama hayo mnayobandika kwenye programu za gumzo ni salama. Nitayagusa yote, ingawa si kwa urefu mmoja. Msimamo wangu niutoe mapema: mfumo huo huenda ukawafaa. Kinachonitia wasiwasi ni mpango wa kumhamisha mwenzako, kwa sababu mifumo ya aina hii huongeza kazi ya kuamua kabla haijapunguza kazi ya kutazama.

Muuzaji anauza kama kitu kipya, lakini wazo lake ni la zamani. Mwaka 1987 Dorothy Denning, mtafiti wa usalama wa kompyuta, alichapisha modeli ya kugundua uvamizi kwa kuangalia matumizi ya kompyuta yanayokwenda kinyume na mazoea ya mwenye akaunti. Mwaka 2002 Paul Graham, mwandishi wa programu za kompyuta, alieleza jinsi ya kuchuja barua taka kwa kukokotoa uwezekano wa kila neno kuonekana katika barua njema au mbaya, na mbinu hiyo ikaenea haraka. Barua taka nyingi ambazo hukuziona wiki hii zilizuiwa na warithi wa mbinu hizo. Ubora wa teknolojia hii unajulikana, na udhaifu wake pia unajulikana, kwa hiyo huna haja ya kuikubali kwa imani wala kuikataa kwa hofu.

Mifumo hii hujifunza kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuonyeshwa mifano mingi iliyokwisha kupangwa, mafaili mabaya huku na mazuri kule, mpaka modeli, yaani programu inayojifunza, ipate alama zinazotenganisha makundi hayo. Njia hii ni nzuri sana kwa programu hasidi zinazofanana na zile za jana hata kama zimebadilishwa sura kidogo. Ya pili ndiyo muuzaji wenu anayoizungumzia: mfumo unakaa ndani ya mtandao wenu, unajifunza yaliyo ya kawaida, kisha unapaza sauti likitokea lisilo la kawaida. Hapo ndipo inapotoka ahadi ya kugundua shambulizi ambalo halijawahi kuonekana.

Sikiliza vizuri ahadi hiyo inasema nini. Mfumo kama huo ni sawa na mlinzi wa lango aliyezoea sura na nyakati za watu: anajua nani mgeni, hajui nani mwizi. Mhasibu akifanya kazi usiku wa manane kwa sababu anafunga hesabu za mwaka, tahadhari italia. Mkaguzi wa nje akipakua mafaili mengi kwa mpigo, italia. Lakini mvamizi aliyepata nenosiri halali, akaingia saa za kazi na kufungua yale ambayo mwenye akaunti hufungua kila siku, anaweza kupita kimya kabisa. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawapendi kulitaja: kama mvamizi yumo ndani tayari siku mfumo unapoanza kujifunza, mienendo yake itahesabiwa kuwa sehemu ya kawaida ya shirika.

Sasa ile asilimia 99. Hapa naomba tuchukue kalamu, maana namba hiyo ndiyo iliyomvuta mkurugenzi wako. Tuseme mtandao wenu unatoa matukio 1,000,000 kwa siku: mtu kaingia, faili limefunguliwa, kompyuta imeuliza anwani fulani. Tuseme kati ya hayo, 10 ni ya mdukuzi. Mfumo wenye usahihi wa asilimia 99 pande zote utayakamata karibu yote 10. Vizuri. Lakini katika yale 999,990 yasiyo na ubaya, utakosea asilimia moja, yaani tahadhari za uongo karibu 10,000. Kwa hiyo kati ya kila tahadhari 1,000 zitakazokufikia, moja tu ndiyo ya kweli. Ukitumia dakika moja kwa kila tahadhari, kazi ya siku moja itakuchukua zaidi ya saa 160. Hesabu hii si ugunduzi wangu. Mtafiti Stefan Axelsson aliandika juu ya mtego huu mwaka 1999, naye alionyesha kwamba kinachoamua manufaa ya mfumo wa kugundua uvamizi ni uwezo wake wa kutopiga kelele bure, kuliko uwezo wake wa kukamata.

Nisimwonee muuzaji. Bidhaa nzuri za leo hazikutupii matukio mojamoja. Huyaunganisha, hupima ushahidi wa sehemu kadhaa, na kukuletea visa vichache vilivyopewa uzito. Hapo akili bandia inafanya kazi ya maana kabisa. Lakini bado kisa hicho kinahitaji mtu wa kusema "huyu ni mhasibu wetu, mwacheni" au "huyu simtambui, mtoeni". Mwaka 2013, duka kubwa la Marekani liitwalo Target liliibiwa taarifa za kadi za malipo milioni 40. Vyombo vyake vya ulinzi vilikuwa vimetoa tahadhari. Hazikufanyiwa kazi kwa wakati. Kwa hiyo nikiwa katika kikao chenu, swali langu la kwanza lingekuwa: tahadhari ikilia saa nane usiku wa Jumapili, simu ya nani itaita? Kama jibu ni wewe peke yako, kila usiku, mwaka mzima, basi hamjanunua ulinzi. Mmenunua ushahidi wa kusoma baada ya hasara.

Faida ipo wapi, basi? Ipo katika wingi na kasi. Hakuna binadamu anayeweza kusoma logi za kompyuta 120 kila siku akabaki makini. Mashine inaweza. Inaweza kuona kwamba akaunti moja imeingia kutoka nchi mbili ndani ya dakika 20, kwamba programu ya kuandikia nyaraka imeanza kuendesha amri za mfumo, kwamba kompyuta moja imeanza kubadilisha mafaili mamia kwa dakika kana kwamba inayafunga kwa ajili ya kudai fidia. Modeli za lugha nazo zinasaidia kufafanua hati ya amri iliyofichwa kwa makusudi, kazi ambayo zamani ingekula asubuhi nzima. Katika kutafuta kasoro za programu maendeleo ni makubwa: mwaka 2024 Google ilitangaza kwamba wakala wake wa akili bandia aitwaye Big Sleep alipata kasoro halisi ya kumbukumbu katika SQLite, programu ya kuhifadhi data inayotumika sana, ikarekebishwa kabla ya toleo rasmi kutoka. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, ambaye tangu mwaka huohuo amelalamika hadharani kuhusu ripoti za kasoro zilizotungwa na akili bandia: zimeandikwa kitaalamu, zina maneno mazito, na hazina ukweli ndani. Chombo ni kilekile. Tofauti ni kama aliyekishika anaweza kuhakiki kilichotoka.

Kuhusu dawa ya moto, methali ni nzuri ila hapa inawasaidia wauzaji kuliko inavyokusaidia wewe. Ni kweli wadukuzi wanaitumia. Barua za ulaghai sasa zinaandikwa kwa lugha safi, kwa hiyo ule ushauri wa kuwatafuta matapeli kwa makosa ya tahajia umekufa; kama bado upo kwenye mafunzo ya wafanyakazi wenu, uondoeni wiki hii. Sauti na sura zinaigizwa. Mwanzoni mwa 2024 mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alialikwa kwenye mkutano wa video na watu walioonekana kuwa mkuu wake wa fedha na wenzake. Barua ya mwanzo ilikuwa imemtia shaka. Zile sura ndizo zilizomtuliza. Akahamisha takriban dola milioni 25 za Marekani. Na Novemba 2025 kampuni ya akili bandia ya Anthropic ilieleza kwamba kundi ililolihusisha na serikali ya China lilitumia zana yake kuendesha sehemu kubwa ya mashambulizi dhidi ya mashirika karibu 30. Katika ripoti hiyohiyo kuna jambo ambalo halikuzungumzwa sana: mara nyingine zana hiyo ilidai imepata manenosiri ambayo hayakufanya kazi. Hata mdukuzi anadanganywa na mashine yake.

Lakini angalia dawa yenyewe. Wizi wa Hong Kong ungezuiwa na sheria kwamba malipo makubwa hayatoki bila mtu wa pili kupiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu tangu mwanzo. Mashambulizi ya virusi vya kudai fidia vya WannaCry ya Mei 12, 2017 yalipita kwenye kasoro ambayo Microsoft ilikuwa imetoa sasisho lake tangu Machi. Waliovamia Colonial Pipeline, kampuni ya mabomba ya mafuta ya Marekani, mwaka 2021 waliingia kwa nenosiri la akaunti ya zamani ya kuunganika kwa mbali, isiyo na uthibitishaji wa hatua ya pili, kama vile namba inayotumwa kwenye simu. Kama shirika lenu halina hatua ya pili ya uthibitishaji kwa kila akaunti, kama masasisho yanachelewa, kama nakala rudufu hamjawahi kujaribu kuzirejesha, fedha za mfumo wa akili bandia zina kazi ya kutangulia.

Tuje kwenye lile neno "wenyewe". Mfumo unaposema utazima shambulizi wenyewe, maana yake umepewa ruhusa ya kuitenga kompyuta na mtandao, kufunga akaunti, kuua programu au kuzuia anwani. Sipingi. Virusi vya kudai fidia vinaweza kumaliza kazi kabla hujavaa viatu, na kuitenga kompyuta moja ya mezani kwa makosa ni usumbufu wa saa moja tu. Ruhusu. Kuifunga seva ya mishahara siku ya kulipa ni jambo jingine. Yupo pia mdukuzi atakayekisoma chombo chenu na kukitumia: ajaribu manenosiri ya uongo kwenye akaunti za wasimamizi mpaka mfumo uzifunge zote, nanyi mbaki nje ya nyumba yenu wakati yeye yuko ndani. Kwa hiyo ruhusa zitolewe kwa ngazi: vifaa vya kawaida mfumo utende, seva muhimu na akaunti za wasimamizi mtu athibitishe, na iwepo akaunti ya dharura iliyowekwa nje ya mamlaka ya mfumo huo. Wiki za mwanzo uache usikilize tu bila kugusa kitu.

Kumbuka pia kwamba chombo cha ulinzi hukaa ndani kabisa ya kompyuta, chenye madaraka makubwa. Julai 19, 2024 sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Halikuwa shambulizi, wala si akili bandia iliyoamua. Lilikuwa kosa la kawaida katika mahali pasipo pa kawaida. Muulizeni muuzaji wenu masasisho yake yanatolewa vipi, na kama mnaweza kuyajaribu kwenye vifaa vichache kwanza.

Modeli zenyewe zinahadaika. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya usalama ya Skylight walionyesha kwamba kinga dhidi ya virusi ya kampuni ya Cylance, iliyojengwa juu ya kujifunza kwa mashine, ilipitika walipobandika mwishoni mwa programu hasidi vipande vya maandishi vilivyotolewa kwenye mchezo wa kompyuta. Tabia ya programu haikubadilika hata kidogo; zilizobadilika ni alama ambazo modeli ilizoea kuzipima. Ndiyo sababu sishauri kufuta ulinzi wa zamani wa kanuni na orodha kwa kuwa tu mpya umefika.

Sasa kubandika. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hili linatokea leo, wakati mfumo wa mkurugenzi bado haujanunuliwa. Logi si maandishi matupu. Zina majina ya watumiaji, anwani za ndani, wakati mwingine vibali vya muda vinavyomwezesha yeyote anayevishika kuingia kama mwenye akaunti. Na tabia ya watu ya kuandika nenosiri kwenye nafasi ya jina kwa haraka ina maana kwamba logi za kuingia zilizoshindikana huwa na manenosiri ya kweli ndani yake. Ukizibandika kwenye huduma ya umma, zimetoka nje ya shirika. Mwaka 2023 wafanyakazi wa Samsung waliingiza msimbo wa ndani wa kampuni kwenye ChatGPT, na kampuni ikapiga marufuku zana za aina hiyo kwenye vifaa vyake. Marufuku matupu, kwa maoni yangu, huwasukuma watu kwenye simu zao binafsi. Afadhali muwape njia halali: huduma yenye mkataba unaosema data yenu haihifadhiwi wala haifundishii modeli, au modeli inayoendeshwa kwenye seva yenu, pamoja na zoezi la kufuta majina na anwani kabla ya kuuliza.

Halafu kuna lile la kuuliza "barua hii ni salama?" Programu inaona maneno tu. Haijui kama mteja wenu kweli amebadilisha akaunti ya benki, wala kiungo kile kitampeleka mtu wapi kesho. Ikijibu kwamba barua ina mashaka, isikilizeni. Ikijibu ni salama, jibu hilo lisihesabiwe. Na msaidizi aliyeunganishwa moja kwa moja na sanduku la barua ana hatari yake: modeli ya lugha haitenganishi kwa uhakika maandishi ya kusoma na maagizo ya kutii, hivyo mdukuzi anaweza kuficha maagizo ndani ya barua yenyewe. Juni 2025 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina EchoLeak katika Microsoft 365 Copilot, msaidizi wa akili bandia wa Microsoft, ambapo barua moja tu, bila mtu kubofya chochote, ingeweza kumfanya msaidizi atoe nje taarifa za ndani. Microsoft iliirekebisha. Tatizo la msingi bado halijapata tiba kamili, kwa hiyo msaidizi wa namna hiyo apewe ruhusa chache kadiri inavyowezekana.

Ningekuwa wewe, ningempelekea mkurugenzi njia tatu. Ya kwanza ni kuwasha mliyo nayo tayari. Huduma nyingi za barua pepe na mifumo endeshi ina ulinzi wa kujifunza kwa mashine ambao watu wamelipia na hawajauwasha. Ya pili ni mfumo aliouona, kwa majaribio ya mwezi mmoja ndani ya mtandao wenu, ninyi mkihesabu: tahadhari ngapi kwa siku, ngapi za kweli, dakika ngapi kwa kila moja. Kwenye maonyesho ya muuzaji kila mfumo hushinda. Ya tatu ni kulipia kampuni yenye watu wanaokesha wakitazama tahadhari kwa niaba yenu, ambao kwa kawaida wanatumia akili bandia hizohizo. Kwa shirika lenye wasimamizi wawili ninaielekea hii ya tatu, ingawa gharama yake haiishi na mtakuwa mmemfungulia mgeni mlango. Katika njia zote, mwenzako abaki angalau mpaka hesabu za majaribio zionekane. Huyo ndiye anayejua mhasibu gani hufanya kazi usiku.

Yapo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kabla ya kusaini mkataba, mtafuteni mtaalamu asiyeuza bidhaa yoyote aje apime mtandao wenu, na mwanasheria asome wapi data za wafanyakazi zitahifadhiwa, maana mfumo huu utakuwa unawatazama watu kazini. Na kama wakati unasoma hapa umekumbuka dalili fulani, kama akaunti ya msimamizi usiyoitambua, ulinzi uliojizima, barua zinazosambazwa kwenda anwani ngeni, usisubiri mfumo wala ununuzi. Itenge kompyuta husika na mtandao lakini usiizime wala kuisafisha, kwa sababu ushahidi mwingi uko kwenye kumbukumbu ya muda, inayofutika kompyuta ikizimwa. Nakili logi mahali pengine. Kisha ita wataalamu wa kushughulikia matukio na kituo cha taifa cha dharura za kompyuta, kwa simu na si kwa barua pepe ya ofisi, kwani huenda aliyeingia anaisoma.